Hatua Kumi Kati ya Jiwe na Mlamula

"Ving'oe vijiti vyako, Niyonzima, kabla sijaving'oa mwenyewe." Danstan alikuwa analisema hilo kwa mara ya tatu, na kila alipolirudia sauti yake ilishuka, jambo lililomtisha mkewe Selestina kuliko kama angepiga kelele.

Niyonzima hakung'oa kitu. Alikuwa amechomeka vijiti kumi na viwili katikati ya migomba, kukatiza mteremko kuanzia njia ya kisimani, na juu ya kila kimoja amefunga kipande cha gunia jekundu ili hata mwenye baiskeli anayepita mbali aone. Lile jiwe kubwa la kuanikia mihogo lilikuwa limeangukia upande wake. Na mashina sitini na tatu ya migomba, ambayo Selestina aliyajua moja moja kama mtu anavyojua tabia za wajukuu, nayo yalikuwa yameangukia upande wake.

"Mzee, mimi sina ugomvi na wewe," alisema Niyonzima. "Mlamula ulipita hapa. Baba yangu na baba yako waliupanda pamoja, wakanywa pombe ya ndizi hapahapa. Moto umeunguza, vibarua wako wameng'oa visiki, migomba yako imetembea hatua kumi. Jiwe ni letu."

"Lenu tangu lini? Mlilibeba kichwani kutoka Burundi?"

Watu waliokuwa wamejipanga kando ya njia waliguna. Mengine mtu huyasema akiwa na hasira, jirani akasamehe. Hilo si mojawapo. Niyonzima alikuwa amezaliwa hapo Murukulazo, amesoma hapo, na baba yake, marehemu Nshimirimana, alizikwa hapo na kijiji kizima. Selestina alimvuta mumewe mkono wa shati, naye akajinasua bila kumtazama.

Huku kwetu mpaka haupimwi kwa kamba, hupandwa. Wenye mashamba wawili huchukua mche wa mlamula, ule wenye majani marefu kama mapanga, wakaupanda wakiwa wote wawili, na tangu siku hiyo hakuna anayeugusa. Lakini kiangazi cha mwaka juzi moto ulipanda kutoka bondeni ukala mstari mzima. Mvua ziliporudi, Danstan aliweka vibarua wa kulima, akaenda Rulenge kutibiwa jicho, na aliporudi akakuta visiki vimeng'olewa na shamba limesawazishwa safi. Hakuuliza. Migomba ikazaa watoto, watoto nao wakahamishwa, kidogo huku, kidogo kule. Selestina mwenyewe alihamisha michache. Leo ukimuuliza, ukitazama kutoka mlangoni kwake, mlamula ulipita mbele ya jiwe au nyuma yake, angekuambia nyuma, na angekuwa anasema anachokiamini.

Bila migomba ile, nyumba ya Danstan ilibaki na kipande cha mawe na kahawa mbili tatu zilizozeeka. Migomba ndiyo iliyokuwa inawalisha, wao na watoto wawili wa binti yao Agness na yeyote aliyepita akakuta jiko linawaka, na kwa Selestina jiko liliwaka kila siku na mpitaji hakukosekana. Sitini na tatu yakienda, watu hao wote atawaambia nini?

Mwenyekiti wa baraza la ardhi la kijiji, mzee Pancras, aliletwa hapo na watoto waliokwenda kumwita. Alisikiliza kila upande, akapangusa jasho, akasema Alhamisi saa nne wajumbe watakuja palepale kwenye jiwe, na mwenye ushahidi aje nao. Ushahidi wa macho, alisema, siyo wa mdomo, kwa sababu wa mdomo ameshausikia mpaka umemtosha.

*

Nyumbani Danstan alikwenda moja kwa moja chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Selestina alijua kilichomo. Miaka thelathini mumewe alikuwa mpiga picha pale Rulenge, na hapakuwa na harusi wala kipaimara kilichompita, mpaka simu zilipoingia mifukoni mwa watu na kazi ikafa bila kuugua. Kamera za kawaida aliziuza moja baada ya nyingine. Hakuuza mbili, zile za macho mawili alizoachiwa na Bruda Mzungu wa misheni siku anarudi kwao.

Mgeni akizitazama angedhani ni mchezo. Kila moja ina lenzi mbili zilizopangwa upande kwa upande kama macho usoni, nazo hupiga picha mbili kwa mkupuo mmoja, moja ya jicho la kushoto na moja ya jicho la kulia. Ukizitia picha hizo kwenye darubini yake ukachungulia, hutaona karatasi tena. Utaona uwanja, aliyesimama karibu yuko karibu, aliye mbali yuko mbali, unatamani upenyeze mkono. Moja ni ya Marekani, chuma kitupu, nzito kama jembe. Nyingine ni ya Urusi, ya plastiki ngumu nyeusi kama mpini wa sufuria. Hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyoziita, Mmarekani na Mrusi. Bruda alimpenda Mrusi, Danstan alimpenda Mmarekani, na ubishi wao uliwachosha hata mapadri.

"Siku ya ubatizo wa Agness," Danstan alisema, akifungua mfuniko. "Unakumbuka? Tulishindana. Bruda na Mrusi, mimi na Mmarekani, tumesimama palepale mlangoni, tumeelekeza chini shambani. Jiwe limo. Mlamula umo."

Selestina alikumbuka vizuri. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vibaya na alikuwa amekasirika.

Danstan aliipata slaidi katika boksi la kwanza, akaitia katika darubini ndogo ya mkononi, akainua kuelekea dirishani. Kisha akaishusha, akampa mkewe. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe tangu mwaka juzi, na mwenye jicho moja, darubini ile humwonyesha picha bapa tu. Ilimuuma mtu aliyeishi kwa macho kuomba macho ya mwingine.

"Niangalizie," alisema.

Selestina alichungulia. Alijiona msichana, kitenge cha ubatizo, mtoto mikononi. Nyuma yake maharage yaliyostawi yalikuwa yameficha ardhi yote, na juu ya maharage, jiwe upande wa kushoto na majani ya mlamula upande wa kulia, havigusani. Kwenye picha ya kawaida usingejua kipi kiko mbele. Ila humo ndani jiwe lilijitokeza kuja kwake, na mlamula ukasimama nyuma, mbali.

"Jiwe liko mbele," alisema. "Mlamula uko nyuma."

Danstan aliketi kitandani, akajifuta uso kwa kiganja. Selestina hakuwa amemwona akilia tangu msiba wa mama yake.

*

Habari haikuhitaji kutumwa. Kufika Jumanne mchana uwanja ulikuwa na watu kama wa ngoma. Kila mmoja alitaka kuchungulia, na Selestina alipika ndizi mara mbili, akaazima vikombe, akafurahi kama anavyofurahi nyumba ikijaa. Danstan alikaa kwenye kiti cha uvivu, akieleza Mmarekani alivyoundwa, na waliokwisha kusikia walirudia mistari yake kabla hajaifikia.

Niyonzima alikuja saa kumi, kofia mkononi. Aliwaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, wengine wakaitikia marahaba wakitazama kando. Mfukoni mwake alitoa kadi iliyofungwa kwa nailoni. Ilikuwa na picha mbili ndogo nyeusi na nyeupe zilizobandikwa upande kwa upande. Bruda alimpa marehemu baba yake siku zile, kwa kuwa naye alikuwepo kwenye ubatizo, na mama yake ameitunza ndani ya Biblia. Ni ya Mrusi, alisema. Ile darubini ndogo ya slaidi haiwezi kushika kadi. Alikuwa anaomba aazimwe ile ya mbao aliyoiacha Bruda, ya kutazamia kadi, Alhamisi tu, mbele ya wajumbe.

"Ile ililiwa na mchwa," alisema Danstan.

Niyonzima alimgeukia Selestina. Darubini ya mbao ilikuwa katika sanduku la bati, imefungwa kwa kitambaa cha flana, na yeye mwenyewe alikuwa ameisogeza asubuhi ili apate nafasi ya kurudisha boksi. Alisema ataangalia chai jikoni. Aliporudi Niyonzima alikuwa ameshaondoka, na watu walikuwa wakimwigiza alivyoshika kofia.

*

Jumatano asubuhi alikuja Odeta, shoga yake wa siku nyingi, mwanamke ambaye hakuna jambo la Murukulazo lililowahi kumpita. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya kilio huko Nyakisasa, naye alidai haki yake ya kuchungulia. Alichungulia muda mrefu, kisha akaanza kucheka.

"Mama Agness, mbona mtoto kama amezama ndani yako? Kama vile hujamzaa bado."

Selestina alicheka naye. Alichukua darubini, akatazama, na safari hii hakutazama jiwe wala mlamula. Alijitazama mwenyewe. Mtoto aliyekuwa mikononi mwake, mbele ya kifua chake, alionekana yuko nyuma ya kifua, kana kwamba mwili wake umetobolewa na mtoto akawekwa ndani ya shimo. Pua yake ilikuwa imebonyea.

Alimwambia Odeta kichwa kinamgonga. Odeta, ambaye hakuzoea kufukuzwa katika nyumba ile, aliondoka akijiuliza maswali, na maswali ya Odeta hayakai kinywani.

Peke yake chumbani, Selestina alikumbuka. Slaidi za ubatizo zilirudi zimesafishwa Danstan akiwa hoi kwa malaria na Bruda akiwa likizo kwao. Yeye alitaka kumfurahisha mumewe. Alikata filamu kwa mkasi wa kushonea, akaziweka picha kwenye fremu zake kama zilivyokuja, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, akajisifu. Bruda aliporudi ndipo akawafundisha kwamba ndani ya kamera kila kitu kimepinduka kichwa chini, kwa hiyo ukiigeuza filamu ili watu wasimame wima, picha ya jicho la kushoto inakuwa imehamia kulia. Lazima uzipishanishe kwa mkono. Usipozipishanisha, kila jicho linapewa picha ya mwenzake, na cha mbele kinaonekana nyuma. Tangu siku hiyo Selestina hakukosea tena. Ila boksi la kwanza hakulifungua. Aliona aibu, akalisukuma chini kabisa, na miaka arobaini ikapita.

Kulikuwa na jaribio moja alilofundishwa na Bruda. Funga jicho moja, kisha lingine, na usiache kutazama. Kilicho mbali hutulia. Kilicho karibu huruka. Hata picha ziwe zimepishana au hazikupishana, cha karibu ndicho kinachoruka zaidi. Alifunga jicho la kushoto, akafunga la kulia. Mlima wa ng'ambo haukutikisika. Jiwe lilisogea kidogo. Majani ya mlamula yaliruka kama kitu kilichoguswa.

Mlamula ulikuwa mbele ya jiwe. Migomba sitini na tatu ilikuwa imesimama kwenye shamba la watu.

Alimweleza Danstan jioni, wakiwa wawili kwenye mafiga, watoto wakiwa wamekwenda kuchota maji. Alimweleza yote, na mkasi wa kushonea akautaja. Danstan alisikiliza akichokoa moto kwa kijiti. Mwishowe aliuliza nani mwingine anajua. Alipoambiwa hakuna, akasema basi imekwisha.

"Danstan, picha imekaa kinyume."

"Mimi ninachojua, Mmarekani hajawahi kukosea. Watu wote wanajua hivyo." Alitupa kijiti motoni. "Unataka nikasimame mbele ya Pancras niseme nini? Kwamba mpiga picha wa Rulenge, mke wake hajui kushoto na kulia? Ile harusi ya mwalimu mkuu, zile za kipaimara, walionilipa watasema zote zilikuwa kinyume. Na watoto wa Agness utawapikia jiwe?"

Hilo la mwisho ndilo Selestina alilolala nalo.

*

Alhamisi saa nne wajumbe walikaa kwenye mabenchi yaliyotolewa kanisani, pale kwenye jiwe lenyewe. Pancras katikati na daftari, kulia kwake Jovina, mkunga mstaafu asiyependa maneno mengi, kushoto Bulugu, Msukuma mfuga ng'ombe ambaye watu walimchagua kwa sababu humaliza kesi kwa vichekesho. Upande mmoja alikaa Niyonzima na mama yake, bibi Mukeshimana, aliyenyoosha miguu kwenye mkeka. Njia nzima ilikuwa imejaa watu. Selestina alisimama nyuma ya mumewe, amejifunga vitenge viwili ingawa jua lilikuwa kali, na Odeta alikuwa anamtazama.

Slaidi ilizunguka. Jovina alisema anaona jiwe mbele. Bulugu alisema anaona msichana mzuri, na kwa nyuma, ndiyo, jiwe mbele ya mlamula. Pancras aliandika.

Niyonzima alitoa kadi yake. Pancras aliigeuza huku na huku, akasema yeye anaona picha mbili zinazofanana, basi. Ndipo Danstan akaomba nafasi, na hakuna siku aliyowahi kusema vizuri kama siku ile. Alikuwa ameziweka kamera zote mbili juu ya jiwe.

"Mwenyekiti, hata darubini ingekuwepo, isingesaidia. Mtazameni huyu," alisema, akamnyanyua Mmarekani kwa mikono miwili. Chuma juu mpaka chini. Lenzi mbili zinafunguka na kufunga kwa wenzo mmoja, kwa pamoja kama kope za mtu. Kidirisha cha kulengea wamekishusha chini, katikati ya lenzi, ili mpigaji atazame kutoka palepale kamera inapotazama. Ukizungusha filamu, inasimama yenyewe inapofika, huwezi kupiga picha juu ya picha. Miaka sabini na bado shata yake, kifyatuo cha picha, ikilia unasikia saa ya ukutani. Aliifyatua, na wote wakasikia.

Kisha akamshika Mrusi kwa vidole viwili. Plastiki, alisema. Ndani inang'aa kama sahani, mwanga ukiingia unarukaruka mpaka unafifisha picha. Mlango wa nyuma unavuja, tazameni plasta za hospitali alizobandika Bruda, hizi hapa bado zipo. Kuzungusha filamu ni mpaka uchungulie namba kwenye kitundu chekundu, uruke moja usiruke mbili, ukipitiwa umekwisha. Asubuhi ya baridi gurudumu la kurekebishia umbali halizunguki mpaka ulipashe kwapani. Bruda alikuwa mtu mwema, alisema, ila katika hili alikuwa mbishi.

Watu walicheka kwa heshima. Jovina akauliza kama ina maana hii ya Mrusi inaona uongo.

"Haioni vizuri, mama. Ni kama mimi na jicho langu."

Lilikuwa neno zuri, na liliwagusa watu. Niyonzima alitazama miguu yake. Mama yake alinyoosha mkono, akaichukua kadi kutoka kwa mwenyekiti, akaanza kuifunga tena katika nailoni, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, kama mtu aliyezoea kurudishiwa karatasi zake.

Selestina alikuwa akiitazama mikono ile. Hakukumbuka baadaye alipoamua. Alikumbuka tu kwamba alikuwa ameshafungua kitenge cha juu, na darubini iko mkononi.

"Darubini ya mbao hii hapa," alisema. "Haikuliwa na mchwa."

Danstan hakugeuka. Shingo yake ndiyo iliyobadilika.

Pancras aliipokea. Waliitia kadi, wakatazama. Picha ilikuwa na ukungu pembeni, kama Danstan alivyosema, na mstari mweupe wa mwanga ulikuwa umekatiza juu. Lakini mlamula ulikuwa mbele, na jiwe nyuma yake, wazi kabisa.

"Sasa Mmarekani na Mrusi wameanza tena," alisema Bulugu, na kicheko kilipita njia nzima.

Pancras hakucheka. Alisema hapa pana kamera mbili, siku moja, mahali pamoja, na zinapingana. Aliyezijua zote mbili ameshasema ipi ya kuaminiwa, na yeye haoni sababu ya kumpinga fundi kwenye kazi yake. Alishika kalamu. Selestina angeweza kukaa. Alikuwa ameshatoa darubini, alikuwa ameshafanya la jirani, nani angemdai zaidi?

"Mwenyekiti, kamera haina kosa," alisema. "Zote mbili hazina kosa. Mkono ndio uliokosea, na ni wangu."

Aliwaeleza. Watu wengi hawakuelewa habari ya kushoto na kulia na filamu iliyopinduka, na mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba mwanamke huyu amerogwa. Basi Selestina aliacha kueleza. Aliwaambia kila mtu anyooshe kidole mbele ya pua, atazame mlima, afunge jicho la kushoto, kisha la kulia.

Kijiji kizima kikaanza kukonyeza. Wazee, akina mama, Odeta na macho yake yote. Bulugu alisema hajawahi kukonyezwa na wanawake wengi hivi kwa siku moja. Kidole kinaruka, walisema, mlima hauruki. Selestina alimpa Jovina darubini ya slaidi, ile ya Mmarekani, akamwambia afanye hivyohivyo humo ndani, aseme kipi kinaruka.

Jovina alichukua muda wake. Alifunga jicho moja, akafunga jingine, akarudia.

"Mlamula," alisema. "Mlamula unaruka. Jiwe limetulia." Aliishusha darubini akamtazama Selestina, na ilikuwa vigumu kujua kama ni kwa huruma au kwa mshangao. "Na mtoto anaruka kuliko vyote."

*

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Pancras alisoma alichoandika: mlamula utapandwa upya hatua kumi upande wa juu wa jiwe, pande zote mbili ziwepo, Jumamosi. Mikungu iliyokwisha kutoka ivunwe na aliyeipanda. Migomba yenyewe, wakubaliane wao kama majirani. Niyonzima alisema yuko tayari, na hakushangilia. Danstan aliulizwa mara mbili kama amekubali, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamtia Mmarekani kwapani, akapanda kwake bila kumngoja mtu. Mrusi alimwacha juu ya jiwe.

Mabenchi yakarudishwa. Watu wakatawanyika kwa makundi, na kila kundi lilipompita Selestina lilishusha sauti. Wengine walimpa pole, kama ya msiba. Mtu mmoja, aliyekula ndizi zake Jumanne, alisema mwanamke wa kweli hamwumbui mumewe hadharani, na hakuna aliyembishia. Odeta alisimama kidogo. Akamgusa bega, akaenda.

Selestina alibaki ameketi pembeni mwa jiwe. Juu, mlangoni kwake, alimwona Danstan amesimama ameupa uwanja mgongo. Jiko halikuwa likitoa moshi. Saa nane ilikuwa imepita, watoto walikuwa wakitoka shule, na hakuna aliyekuwa ameinjika kitu. Alijaribu kupanga maneno ya kwanza atakayomwambia mumewe akifika.

Alisikia mkeka ukikunjwa nyuma yake. Bibi Mukeshimana alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine umemshika Mrusi kwa ukanda wake kama mtu abebavyo kuku aliyenunuliwa sokoni.

"Mama Agness," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Maharage yameiva tangu saa tatu. Nilitia chumvi kabla sijaja, sasa yatakuwa yamepoa. Twende."

Selestina alisema asante, ila hana njaa. Alisema mzee hajala tangu jana. Alisema watoto wa Agness watafika sasa hivi. Alikuwa anasema huku akijua anasema ovyo.

Bibi kizee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia kitu kwa Kirundi, kifupi. Niyonzima alisita. Alivua kofia, akaivaa tena, akaanza kupanda kati ya migomba kuelekea nyumba ya Danstan, na walimwona anafika kwenye ukingo wa uwanja, anasimama, hasogei zaidi, kama mtu asiye na uhakika kama kuna mbwa.

Upepo ulikuwa unakuja upande wao, wakamsikia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

Selestina akajikuta amesimama. Mlangoni, Danstan alikuwa bado ameupa uwanja mgongo, na Mmarekani yuko kwapani.

"Marahaba," alisema hatimaye, kwa mlango.

"Mama anasema chakula kiko tayari. Anasema watoto wakifika nao waje." Niyonzima alikohoa. "Karibu ndani kwetu, mzee. Njoo tule."